Maneno Kumi ya Lavelle Tibbs

Jumamosi, 6 Agosti 2011. Duluth, Minnesota.

Tumefika. Siku mbili ndani ya basi la timu, na miguu yangu imevimba hadi viatu haviingii. Nina miaka themanini na mitatu. Daktari aliyeusikiliza moyo wangu mwezi Mei aliniambia, kwa upole wa mtu anayezungumza na daktari mwenzake, kwamba nisipange mambo ya mwaka ujao. Kwa hiyo sikupanga. Nimeifuata timu. Timu ya Wahunzi imecheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana, katika mji wa Weirton kwa miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka thelathini nimekuwa daktari wake. Sasa mwenye timu ameihamishia huku kwa sababu Weirton hakuna tena watu wa kujaza viti. Mke wangu amelala makaburini kule kilimani. Hakuna kingine nilichoacha.

Nina jambo la kukiri. Nimenunua daftari hili kwa ajili hiyo. Leo nimechoka.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa Kifini, Aune Kivelä, mtaa wa juu, madirisha yanatazama ziwa. Leo ziwa halikuonekana, ukungu mtupu. Amenipa mkate mtamu wenye iliki, akasimama kuhakikisha nimeumaliza.

"Wewe ni daktari wa wachezaji mpira?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe nani anakutibu?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana una rangi ya sabuni." Akaongeza kahawa bila kuniuliza.

Jumatano, 10 Agosti

Leo nimewafanyia wachezaji mtihani wa kichwa. Kila mwaka, kabla ya mechi ya kwanza, kila mchezaji hukaa mbele yangu akiwa mzima. Namuuliza tuko mji gani, mwezi gani. Namsomea maneno kumi, tunazungumza habari nyingine dakika tano, kisha ananirudishia yale anayokumbuka. Naandika namba, naweka sahihi, karatasi inaingia kwenye faili. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu, anarudia mtihani kwa maneno mengine. Namba ikishuka, anakaa nje. Ikiwa ileile, anarudi uwanjani.

Mtihani mzuri. Una tundu moja, na kila mchezaji analijua: ukipata namba ndogo ukiwa mzima, hata ukigongwa haitashuka. Wenyewe wanaita kulala. Asubuhi nilimsikia mmoja koridoni akimfundisha mgeni: "Usijifanye profesa humo ndani. Lala."

Lavelle Tibbs, mlinzi wetu wa kati, namba 54, alipata maneno manne. Alinikonyeza jicho akitoka. Nami nikatabasamu.

Jumapili, 14 Agosti

Kila mtu bado anasema Weirton. Mrusha mpira wetu alimwambia mtangazaji wa redio ya hapa kwamba anaipenda sana Weirton. Kocha Yost ameweka sheria: atakayetaja mji wa zamani atavaa helmeti ya zamani, ile ya rangi ya chungwa, mpaka mazoezi yaishe. Wa kwanza kuivaa alikuwa Kocha mwenyewe. Tulicheka mpaka nikakosa pumzi.

Jumamosi, 20 Agosti

Mechi ya kwanza. Tumepigwa 31 kwa 10. Watu mia nane, labda. Mvua.

Jumanne, 23 Agosti

Lavelle amevaa helmeti ya chungwa. Alisema atapitia geti la barabara ya Nne. Geti hilo liko Weirton.

Jumamosi, 3 Septemba

Tumeshinda ya kwanza. Lavelle alimwangusha mrusha mpira wao mara tatu, na mara ya mwisho alitumia kichwa kama nyundo. Uwanja mzima ulisimama. Watu wa hapa ni wakimya, lakini leo walipiga mbao za viti kwa miguu. Huko Weirton alikuwa mmoja kati ya wengi. Huku, mwuza samaki waliokaushwa kwa moshi ameibandika picha yake dukani na kuandika chini: WETU.

Alhamisi, 8 Septemba

Ukungu. Miguu. Lavelle na helmeti ya chungwa tena.

Jumanne, 13 Septemba

Helmeti: Lavelle. Wenzake wanasema mke wake wa kwanza ni Renita na wa pili ni Weirton.

Jumamosi, 17 Septemba

Tumeshinda. Lavelle aligongana na mtu, akabaki amepiga goti kwa muda. Alinyoosha kidole gumba. Sikumwita.

Jumamosi, 24 Septemba

Mechi ya ugenini, sikusafiri. Aune huoga kwa mvuke kila Jumamosi katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na leo alinikaribisha nikae tu kwenye benchi la nje, nipate joto la ukuta. Kwa hiyo nina nguvu ya kuandika lile jambo.

Mwaka 2000 Lavelle alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba kwa mlinzi, ametoka kufundisha watoto kuogelea. Nilimsomea maneno: ndoo, asali, farasi, kioo, shati, mto, msumari, mkate, pamba, kengele. Baada ya dakika tano akanirudishia yote kumi, kwa mpangilio uleule, kisha akaniuliza kama nataka ayataje kuanzia mwisho. Akayataja.

Nilimpenda kijana yule. Na kwa sababu nilimpenda, niliweka kalamu chini, nikamwambia: "Mwanangu, mtihani huu si wa kushinda. Kwa namba kumi, siku ukipata kizunguzungu kidogo tu nitalazimika kukukalisha, na atakayeingia nafasi yako hatakurudishia. Nenda kanywe maji, urudi, tuanze upya."

Alirudi. Nikamsomea maneno mengine. Alinitazama sana kabla ya kujibu, kama mtu anayeuliza njia. Akataja matano.

"Vizuri," nilimwambia.

Mimi, niliyesoma miaka kumi na mmoja ili nimwambie mtu ukweli juu ya mwili wake. Wengine walifundishana kulala wenyewe koridoni. Lavelle nilimlaza mimi. Ile karatasi ya kwanza sikuichana. Sijui kwa nini. Ipo hapa, ndani ya kamusi ya tiba, na sahihi yangu iko chini yake.

Jumamosi, 1 Oktoba

Tumeshinda. Hadi sasa tumeshinda mechi nne, tumepoteza mbili. Watu elfu tatu. Majani ya mlimani yamegeuka rangi yote kwa wiki moja.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nitaandika polepole.

Robo ya tatu Lavelle aliinamisha kichwa akamkabili mbeba mpira wao, mtu wa kilo mia na kumi. Mlio niliusikia kutoka kwenye benchi. Lavelle alisimama, akatembea kuelekea kwa wapinzani, mtu akamgeuza. Wakamleta kwangu. Macho yake yalikuwa yananitafuta ilhali nipo mbele yake.

"Lavelle. Tuko mji gani?"

"Weirton, babu."

Benchi zima likaangua kicheko. "Mpeni helmeti! Mpeni helmeti yake!" Mtu akaichomoa ile ya chungwa kwenye sanduku akaipunga juu. Lavelle naye akacheka kwa sababu wote wanacheka. Na mimi nikacheka. Nikaandika alama ya vema mbele ya swali la mji. Hata mimi huwa nasema Weirton.

Nikamsomea maneno kumi. Alikumbuka manne.

Kocha Yost alikuwa amesimama begani kwangu. "Faili linasema ngapi, Dokta?"

"Manne."

"Basi yuko kama alivyokuja. Au siyo?"

Nikaweka sahihi. Akarudi. Tulishinda 17 kwa 14, na aliyezuia mpira wa mwisho ni yeye.

Jumatano, 12 Oktoba

Renita, mke wa Lavelle, alikuja leo asubuhi. Aune alimkaribisha jikoni akatuachia mlango wazi, ili asikie. Renita anafanya kazi ya kuosha sahani katika nyumba ya wazee, na alikuja na aproni yake mkononi.

"Dokta, nikuulize kitu, usinizungushe. Wewe umemjua kabla sijamjua mimi."

"Uliza, binti yangu."

"Jana alikwenda kumchukua binti yetu Odessa shuleni. Saa kumi na moja jioni hajarudi. Nimempata kwenye kituo cha mafuta anamuuliza muuzaji shule ya msingi iko wapi. Shule anayoitaja ni ile ya Weirton. Yule muuzaji anajua ni Tibbs wa Wahunzi, anacheka, anamwambia, 'Kaka, leo utavaa ile helmeti!' Mji mzima unaujua huo mchezo wenu. Wanacheka. Kila mtu anacheka!" Akapiga aproni juu ya meza. "Mimi sicheki. Odessa alikaa kwenye ngazi ya shule kwa saa mbili nzima."

Nilisema sote tumechanganyikiwa na kuhama. Nilisema mwili huchelewa kufika mahali.

"Wewe ulishamwita mtu kwa jina la mji? Jumapili aliniita Weirton. Mimi. Mkewe."

Aliondoka bila kunywa kahawa. Aune akaja akaketi mahali pake.

"Mimi si daktari," alisema. "Lakini mume wangu alianza kwa kupoteza ghala lake mwenyewe; alisimama uani akiuliza liko wapi."

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimerudia kurasa za nyuma za daftari hili. 23 Agosti. 8 Septemba. 13 Septemba. Ni mimi niliyeandika, kwa mkono wangu, na kila mara niliandika kama utani. Wengine waliteleza mara moja au mbili wakajifunza. Yeye hakujifunza. Timu nzima ilikuwa inapotea njia pamoja, na ndani ya kundi hilo alijificha mtu mmoja aliyepotea kweli. Hakujua kwamba amejificha.

Lakini si hilo lililonifanya nikae sakafuni asubuhi hii mpaka Aune akanipata. Ni yale maneno manne ya Agosti. Alinikonyeza. Nilidhani amelala. Miaka kumi na mmoja nilimfundisha kulala, na sasa sina njia ya kujua kama mwezi wa Agosti alikuwa amelala, au manne ndiyo yote aliyobaki nayo na ule ukonyezo ulikuwa mazoea.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimemwita Lavelle hapa nyumbani. Maneno mapya kumi, hakuna kocha, hakuna kelele. Nilimwambia, "Leo usilale. Nipe yote."

Alifumba macho. Alishika ukingo wa meza. Jasho lilimtoka. Akataja matatu, la tatu halikuwemo kwenye orodha.

"Babu, siku nyingine yanakuja," alisema. "Leo nimeamka vibaya tu."

"Hutacheza tena, mwanangu."

Akacheka. "Acha hizo, mzee wangu. Tumebakiza mechi mbili tuingie fainali. Umeona wale watoto pale getini? Umewaona? Huku mimi ni mtu, babu. Weirton nilikuwa nani? Nilikuwa jamaa anayepakia matairi."

"Lavelle, ulijuaje kuja hapa leo?"

Akafungua kiganja. Renita alikuwa amemwandikia anwani kwa kalamu ya wino.

Alasiri nilimwambia Kocha Yost kwamba siweki sahihi. Hakupiga kelele, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mtihani wa nyumbani kwako hauhesabiki. Wiki iliyopita mtu huyuhuyu, faili hilihili, uliweka. Leo nini kimebadilika?"

"Namba ya faili si ya kweli."

"Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

"Basi kuwa mwangalifu, Dokta. Ukisema hiyo si ya kweli, unasema za wachezaji wote arobaini si za kweli. Na za mwaka jana. Na za Weirton zote. Utasema hivyo? Kwa sauti?" Akaniwekea mkono begani. "Nenda kapumzike, mzee. Umechoka. Hakuna atakayekulaumu."

Jumamosi, 15 Oktoba

Lavelle hakucheza. Tumepigwa 28 kwa 3. Watu walikuwa wakiimba jina lake.

Jumanne, 18 Oktoba

Mwenye timu ameajiri daktari mwingine wa hapa mjini, Ingrid Haugen, mwanamke kijana, makini. Wananishukuru kwa utumishi wangu. Amempima Lavelle. Maneno manne. Amefungua faili, amekuta manne. Amefanya kazi yake sawasawa. Lavelle atacheza Jumamosi.

Neno langu halina nguvu mbele ya sahihi yangu. Karatasi ya mwaka 2000 pekee ndiyo ingenisaidia, na karatasi hiyo haisemi tu kwamba Lavelle alikuwa na maneno kumi. Ikiwekwa kando ya faili, inasema pia kwamba siku ileile, kwa mkono uleule, nilimwandikia matano. Kesho nitampelekea Dkt. Haugen.

Jumatano, 19 Oktoba

Sikwenda.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikwenda. Nilivaa koti, nikakaa kitandani na koti.

Niandike kwa nini, kwa sababu nimejiahidi kuandika. Si moyo, ingawa nilimwambia Aune ni moyo. Zahanati ya watoto kule Weirton ina ukuta wenye jina langu, herufi za shaba. Mke wangu alishuhudia zikipachikwa. Nilikuwa naziona zile herufi zikibanduliwa, na tundu za skrubu zikibaki. Mtu anaweza kupimwa na kitu kidogo namna hiyo. Nimepimwa.

Jumamosi, 22 Oktoba

Theluji ya kwanza ilianza saa tano asubuhi, mapema kuliko kawaida. Aune alipanda juu akanikuta bado na koti.

"Mechi inaanza saa saba," alisema. "Unakwenda au unakufa hapo? Nijue nipike au nisipike."

Nilimwonyesha karatasi. Nikamweleza kwa maneno machache kuliko niliyoandika humu. Hakuniambia nimefanya vibaya wala vizuri. Alikwenda kuwasha gari.

Barabara ya mteremko ilikuwa imeziba kwa magari yanayoteleza. Tulifika robo ya pili inakwisha. Mlinzi wa getini hakunitambua. Aune alimwambia, "Huyu ndiye aliyekuwa daktari wenu. Mtazame. Unadhani amekuja kutazama mpira?" Akatupisha.

Dkt. Haugen alikuwa kwenye mstari wa pembeni, theluji nywelani. Nilimpa karatasi. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Kumi," alisema. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na ile ya kwenye faili?"

"Yangu. Nilimfundisha mimi."

Alinitazama kwa muda mfupi sana. Sitausahau muda huo kwa siku nilizobakiwa nazo. Kisha akaniacha, akaenda moja kwa moja kwa mwamuzi, na Kocha Yost akamkimbilia akipunga mikono. Wakati wanabishana mpira ulichezwa mara moja. Mara moja tu. Lavelle aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa na watu wengine, na akainuka polepole.

Walimtoa. Dkt. Haugen akamvua helmeti yake akaikumbatia kifuani, kama wafanyavyo ili mchezaji asirudi uwanjani kwa ubishi. Lavelle alisimama bila kitu kichwani, theluji ikimwangukia. Akatazama huku na huku. Akaenda kwenye sanduku, akachomoa ile helmeti ya chungwa, akaivaa mwenyewe, akaketi benchi.

Wakacheka. Wachezaji kwanza, kisha watu wa viti vya mbele. Mmoja akapiga kelele, "Tibbs, umesema nini tena?"

Hakuwa amesema kitu. Ilichukua muda watu kulielewa hilo, na kicheko kikafa kidogo kidogo, kiti kwa kiti. Lavelle akainama mbele kana kwamba anafunga kamba za kiatu, akaendelea kuinama.

Jumapili, 23 Oktoba

Damu ndani ya fuvu. Wamemfungua. Yuko hai.

Jumatano, 26 Oktoba

Nimeandikia ligi barua ya kurasa sita na kuweka sahihi. Dkt. Haugen ameishuhudia. Namba zote arobaini zimefutwa, na mechi zilizobaki pia. Mrusha mpira wetu alinitemea mate kwenye viatu. Saa moja baadaye alikuja mchezaji mwingine, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akaniuliza taratibu: "Dokta, nikija nisilale, utanipima?" Nilimwelekeza kwa Dkt. Haugen.

Alhamisi, 3 Novemba

Barua kutoka Weirton. Wamebandua jina ukutani. Nilidhani itauma zaidi.

Jumatano, 9 Novemba

Sipandi tena ngazi. Kitanda kimeshushwa karibu na jiko. Leo Aune na jirani walinibeba mpaka garini, kutoka garini mpaka kiti cha magurudumu hospitalini, kwa sababu Renita alipiga simu. Alisema: "Njoo umwone. Sijakusamehe. Njoo tu."

Lavelle alikuwa ameketi karibu na dirisha, kichwa kimenyolewa, mshono kama reli. Odessa alikuwa kwenye kona na kitabu cha shule. Hanitazami, na ana haki.

Lavelle aliniona na uso ukachangamka. "Babu! Umechelewa. Nimekaa hapa tangu asubuhi, wenzangu wote wameshaingia."

Renita akasema kwa sauti ya chini, "Anadhani ni ile siku ya kwanza. Akimwona mtu yeyote mwenye koti jeupe, yeye humwuliza kama zamu yake imefika."

Nikamwuliza mwezi gani. Hakujua. Nikamwuliza huyu ni nani, nikimwonyesha Renita. Alimtazama kwa adabu, kama mgeni. Nikamwuliza tuko mji gani.

"Weirton," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha akaweka mikono magotini, akaketi wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, akasema:

"Ndoo. Asali. Farasi. Kioo. Shati. Mto. Msumari. Mkate. Pamba. Kengele."

Yote. Kwa mpangilio. Miaka kumi na mmoja, na sikuwa nimemsomea.

Akanitazama. Ulikuwa mtazamo uleule, wa mtu anayeuliza njia. "Au nirudi nikanywe maji, babu? Tuanze upya?"

"Hapana, mwanangu. Usirudi."

"Nimepata ngapi?"

Sikuwa na karatasi. Renita alinipa daftari la Odessa la hesabu na penseli. Niliandika namba, nikaweka sahihi chini, nikamgeuzia aione.

"Kumi," alisoma. Akatabasamu. "Na kuanzia mwisho je? Unataka?"

Nilimwambia nataka. Odessa akafunga kitabu chake, akasogea karibu kumsikiliza baba yake.

Alhamisi, 10 Novemba

Aune, mpe Renita daftari hili. Asilisome kabla ya Odessa kulala. Lakini alisome lote.